Jinsi mnyama mmoja anavyotafutwa katika picha milioni

PICHA isiyoweza kupatikana inapohitajika haina tofauti kubwa na picha ambayo haikupigwa. Jambo hilo lina uzito wa pekee katika Milima ya Udzungwa, inayoinuka kaskazini magharibi mwa Bonde la Kilombero, ambako hesabu ya wanyama wengi wa msituni hutegemea picha zilizopigwa na kamera za kutegwa.

Kazi hiyo ina makao yake Mang'ula, kando ya barabara ya Mikumi hadi Ifakara. Hapo ndipo kilipofunguliwa, mwaka 2006, Kituo cha Ufuatiliaji wa Ikolojia ya Udzungwa, kwa ushirikiano wa Shirika la Hifadhi za Taifa (Tanapa) na makumbusho ya sayansi ya mji wa Trento, Italia. Tangu mwaka 2009, chini ya mpango wa kimataifa uitwao TEAM, kamera zilianza kutegwa kwa utaratibu maalumu: vituo 60 msituni, kila kamera ikiachwa kwa siku 30 katika majira ya kiangazi.

Kamera hizo hujipiga zenyewe pindi kitambuzi chake kinapohisi joto la kiumbe kinachopita. Hata hivyo, majani yaliyopata joto la jua nayo huweza kuiamsha yanapotikiswa na upepo. Matokeo yake ni kwamba kadi za kumbukumbu hurudi zimejaa picha, na nyingi hazina mnyama hata mmoja.

Ukubwa wa tatizo hilo ulidhihirika zaidi katika Hifadhi ya Serengeti. Kati ya mwaka 2010 na 2013, kamera 225 zilizotegwa huko zilikusanya seti za picha zipatazo milioni 1.2, lakini takriban 322,000 tu ndizo zilizoonyesha wanyama. Kuzichambua kulihitaji msaada wa watu zaidi ya 28,000 waliojitolea kupitia intaneti.

Njia ya kwanza ya kuitawala hazina kama hiyo ni faharasa ya maelezo. Kila picha huandikiwa kituo ilikopigwa, tarehe, saa na jina la mnyama, kisha maelezo hayo hupangwa kwa mfuatano. Faida yake ni ile ile ya kamusi: msomaji hafungui kila ukurasa, bali hufungua katikati na kuamua aelekee mbele au nyuma. Kwa njia hiyo, kompyuta huhitaji hatua zipatazo 20 tu kuifikia tarehe moja katika orodha ya picha milioni moja. Bila mpangilio, ingelazimika kuzipitia moja baada ya nyingine.

Faharasa hiyo hutegemea uangalifu wa binadamu. Saa ya kamera ikiwekwa vibaya, chui aliyepita usiku wa manane ataandikwa kuwa alipita adhuhuri. Majina nayo ni mtihani, kwa kuwa katika bonde lenye Wapogoro, Wandamba, Wabena na Wahehe, mnyama mmoja huweza kuwa na majina kadhaa. Ndiyo sababu jina la kisayansi hutumika kama ufunguo mmoja kwa wote.

Njia ya pili huichunguza picha yenyewe. Kompyuta huigeuza picha kuwa mfuatano wa namba unaowakilisha maumbo, rangi na madoa yaliyomo. Picha zinazofanana hupata namba zinazokaribiana. Anayetafuta huweza kutoa picha ya mfano, na mashine ikamletea zilizo jirani nayo.

Hapa pia faharasa ndiyo inayookoa muda. Chukulia picha milioni moja zilizogawanywa katika makundi 1,000, kila kundi likiwa na picha 1,000 zinazoshabihiana. Mashine hulinganisha picha ya mfano na viwakilishi vya makundi hayo 1,000, huchagua makundi 10 yaliyo karibu zaidi, kisha hukagua picha 10,000 zilizomo. Ulinganisho wa mara milioni moja umepungua hadi mara 11,000. Gharama yake ni kwamba picha iliyowekwa katika kundi la mbali huweza kukosekana.

Akili mnemba imeongeza kasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliotumia picha milioni 3.2 za Serengeti zenye spishi 48, ulionyesha kuwa mashine inaweza kutambua wanyama katika asilimia 99.3 ya picha kwa usahihi wa asilimia 96.6, sawa na ule wa watu waliojitolea. Watafiti walikadiria kuwa kazi iliyookolewa ni zaidi ya miaka minane ya mtu mmoja anayefanya kazi saa 40 kwa wiki. Mwaka 2019 ulizinduliwa mfumo wa Wildlife Insights, unaohifadhi na kuchambua picha za aina hiyo kutoka nchi mbalimbali, zikiwamo zile za TEAM.

Hata hivyo, mashine hujua kile tu ilichofundishwa. Iliyosomea Serengeti haijapata kumwona minde, mnyama adimu wa misitu ya milimani anayepatikana Tanzania pekee. Ikilazimishwa kuchagua, itampa jina la mnyama mwingine.

Historia ya Udzungwa inatoa onyo. Mwaka 2005, kamera katika msitu wa Ndundulu ilipiga picha ya sange mwenye uso wa kijivu, asiyefanana na wengine waliojulikana. Watafiti walirudi mwaka 2006 wakamkamata, na mwaka 2008 akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya, Rhynchocyon udzungwensis, mwenye uzito wa gramu 700 hivi. Mfumo usio na nafasi ya "hajulikani" ungeweza kumzika miongoni mwa sange wa kawaida. Kwa hiyo picha ambazo mashine inazitilia shaka hazina budi kurudishwa kwa mtaalamu.

Aidha, urahisi wa kutafuta unaweza kumnufaisha jangili. Kwa sababu hiyo Wildlife Insights huficha mahali halisi walipo wanyama walio hatarini, na picha zenye sura za watu hazionyeshwi kwa umma.

Manufaa ya kazi hiyo yalionekana mwaka 2016, picha za TEAM kutoka maeneo 15 yaliyohifadhiwa, Udzungwa likiwamo, zilipochambuliwa kwa pamoja. Kati ya makundi 511 ya wanyama na ndege wa spishi 244, asilimia 22 yalikuwa yakiongezeka na asilimia 17 yakipungua.

Kwa Kilombero, ambako mashamba ya miwa na makazi ya watu yamesogea hadi ukingoni mwa msitu, swali la nani anapungua si la maktaba. Jibu lake hupatikana kwa kuweka picha za mwaka huu kando ya zile za mwaka 2009, kituo kwa kituo, na hilo huwezekana tu iwapo kila picha iliandikwa vizuri siku ilipoingia.