Hatarishi ni nani? Historia fupi ya mnyonge, maskini na mkiwa

MAJUZI nilimsikia mtangazaji mmoja wa redio akisema kwamba msaada wa chakula utayafikia kwanza "makundi hatarishi", yaani wazee, wajane, mayatima na watu wenye ulemavu. Nilipunguza sauti nikajiuliza: ajuza wa miaka themanini amhatarishe nani?

Tuanze na sarufi, kisha historia. Kutokana na nomino hatari tunapata kitenzi hatarisha, na kutokana na kitenzi hicho tunapata hatarishi. Ni njia ileile inayotupa chokozi kutoka chokoza, angamizi kutoka angamiza na chochezi kutoka chochea. Irabu ile ya mwisho humwonyesha mtenda. Mtu mchokozi huchokoza, hachokozwi. Kwa hivyo wenzetu wa Tanzania wanapotaja "watoto waishio katika mazingira hatarishi" hawajakosea hata kidogo, kwa kuwa mazingira ndiyo yanayohatarisha na mtoto ndiye anayehatarishwa. Balaa huanza pale mtu mwenye haraka anapoliangusha neno "mazingira", na hatarishi likamrukia mtoto mwenyewe. Mhasiriwa kageuzwa mshukiwa, hivihivi tu.

Wanaofanya hivyo wanahangaika na neno la Kiingereza vulnerable, ambalo mzizi wake ni neno la Kilatini vulnus, yaani jeraha. Linamtaja anayeweza kujeruhiwa. Halisemi kwamba ameshajeruhiwa, wala kwamba hana nguvu. Hapo ndipo ugumu ulipo, maana Kiswahili kina ghala zima la maneno ya watu ambao tayari wameshashindwa na maisha, na kila neno limekuja na mzigo wake.

Chukua maskini. Hili ni neno lenye umri mkubwa ajabu. Katika sheria za Hammurabi wa Babeli, karibu miaka elfu nne iliyopita, mushkenu alikuwa mtu wa tabaka lililo chini ya waungwana na juu ya watumwa. Neno hilo likapita katika lugha za Kisemiti hadi Kiarabu, likafika kwetu kama maskini na Ulaya kama meschino la Waitalia na mesquin la Wafaransa. Kule Ufaransa lilizidi kuporomoka hadi likawa na maana ya mtu mchoyo au mwenye roho ndogo. Sisi tulilifanyia hisani: tumelifanya kilio cha huruma. Mtoto wa tajiri akianguka baiskeli, utasikia, "Maskini!" Hapo hatuzungumzii mfuko wake.

Jirani yake, fukara, ana kioja chake. Kwa Kiarabu fukara ni wingi wa fakiri. Waswahili wakauchukua wingi huo wakamvika mtu mmoja, kisha wakaona hautoshi wakaunda mafukara, wingi juu ya wingi. Katika Kurani mafukara na maskini wanatajwa bega kwa bega miongoni mwa wanaostahiki zaka, na wanazuoni wamejadiliana kwa karne nyingi kuhusu nani kati yao ana hali mbaya zaidi. Tusidhani basi kwamba mjadala wa nani asaidiwe kwanza ulianza na mashirika ya misaada.

Dhaifu nalo ni la Kiarabu, na ni ndugu wa damu wa dhoofika. Ukaribu huo unatuambia kwamba linahusu kupungua kwa nguvu, iwe ya mwili au ya hoja. Kwa wataalamu wa hadithi za Mtume, hadithi dhaifu ni ile ambayo mapokezi yake hayakutimiza masharti. Kumwita mtu dhaifu ni kuuweka upungufu ndani yake.

Mnyonge amepitia mengi zaidi. Katika mazungumzo ya kila siku unyonge ni hali ya kupita: "Mbona mnyonge leo?" tunamuuliza mwenye homa au mwenye mawazo. Lakini methali inayosema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni, inamtaja mtu aliye chini ya mkono wa mwingine. Siasa ililidaka neno hilo kwa maana hii ya pili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliuweka unyonge katika kitovu cha maelezo yake kuhusu kwa nini Watanzania walionewa, na nusu karne baadaye Rais John Magufuli alijulikana kama mtetezi wa wanyonge. Huku kwetu mwaka 2022 wanasiasa walipendelea mahasla, neno linalomsifu mtu kwa kuhangaika. Sijui ni lipi bora. Najua tu kwamba mnyonge anahitaji mtetezi, ilhali hasla anaambiwa ajitetee.

Hata hivyo, neno ninaloliona karibu zaidi na lile jeraha la Kilatini ni moja ambalo wanafunzi wangu wengi hawalijui: mkiwa. Mkiwa ni mtu asiye na mtu. Katika njaa ya Mwakisenge, miaka ya 1884 na 1885, kuna Wamijikenda waliowaweka jamaa zao rehani kwa watu wa Pwani ili wapate nafaka. Aliyekuwa na ukoo wa kuja kumkomboa alikuwa na matumaini ya kurudi kwao. Asiyekuwa nao angeweza kuishia utumwani. Wote wawili walikuwa na njaa ileile. Tofauti yao haikuwa nguvu wala mali, bali nani angekuja kuwaulizia.

Katiba yetu iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, katika Kifungu cha 21(3), inawataka maafisa wote wa umma kushughulikia mahitaji ya watu wa aina hii, na inawataja: wanawake, wazee, watu wenye ulemavu, watoto, vijana, jamii za wachache na zilizotengwa. Angalia, vijana wamo! Barobaro anayebeba gunia la kilo tisini huwezi kumwita dhaifu wala asiyejiweza. Lakini yuko hatarini, na Katiba inamtambua. Ndiyo maana mimi huandika "walio hatarini" au "walio katika hatari ya kudhurika". Ni maneno mengi, nakubali. Wahariri huyakata.

Nilijifunza gharama ya kukosea wakati wa korona, mwaka 2020. Shangazi yangu, mjane anayeishi peke yake, alijiwa na vijana waliokuwa wakiandika majina ya watu wa kupewa unga. Wakamuuliza, "Nyanya, wewe ni mtu asiyejiweza?" Shangazi hakupenda. "Mimi najiweza," akawajibu, "shamba langu nalilima mwenyewe." Wakamshukuru, wakaenda zao bila kuliandika jina lake.

Wiki mbili baadaye alipita mzee wa kijiji, mtu aliyemfahamu tangu ujana. Hakumuuliza kama anajiweza. Alimuuliza, "Mama, hapa unaishi na nani?"

"Na kuku," akasema shangazi.

Akaliandika jina lake.