Mafuta ya Taa na Makaa ya Mawe

Ukiliona sokoni debe la kupimia mahindi, msomaji, ujue kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa nyingine. Lilikuwa chombo cha kuchukulia mafuta ya taa yaliyotoka ng'ambo, na miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa mafuta hayo duniani ilikuwako kampuni moja ya Marekani, jina lake Standard Oil.

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1870 katika jimbo la Ohio, na mkuu wake alikuwa John D. Rockefeller, mtu mtaratibu, mshika dini, asiyependa kupoteza hata senti moja. Wakati huo wenye viwanda vya kusafishia mafuta walikuwa wengi, kila mmoja akigombea wanunuzi. Rockefeller aliuona ushindani huo kuwa ni upotevu wa mali. Basi alifanya mapatano ya siri na wenye reli: yeye atawapa mizigo mingi kila siku, nao watampunguzia nauli. Mwenye kiwanda kidogo alilipa nauli kamili. Pima mwenyewe: watu wawili wanauza bidhaa moja katika mji mmoja, na mmoja wao husafirisha kwa nauli pungufu. Mwenzake atadumu kwa muda gani? Mwaka 1872, katika mji wa Cleveland, viwanda 22 kati ya 26 vilitiwa mkononi mwa Rockefeller kwa muda usiotimia hata miezi mitatu. Ilipofika miaka ya 1880, kiasi cha asilimia 90 ya usafishaji wa mafuta nchini Marekani kilikuwa chake. Huo ndio ukiritimba, yaani biashara nzima kushikwa na mmoja.

Hapa hapana budi kusema kweli, maana wanaoulaumu ukiritimba mara nyingi huliruka jambo hili. Bei ya mafuta ya taa haikupanda, ilishuka sana. Kampuni ilijitengenezea mapipa yake, ikayatumia hata mabaki ambayo wengine waliyamwaga mtoni, na maskini aliyezoea kulala jua lituapo akaweza kukesha na taa. Basi kosa liko wapi? Kwa maoni yangu kosa lilikuwa katika hali ya mnunuzi: hakuwa na mlango wa pili wa kubisha. Unafuu alioupata ulikuwa hisani ya mwenye duka.

Sheria ya kukataza mambo hayo ilitungwa mwaka 1890, lakini ilikaa kama mbwa asiyebweka. Tangu mwaka 1902, mwandishi Ida Tarbell, ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mafuta huko Pennsylvania, alichapisha habari za mapatano yale ya siri, watu wakaghadhibika. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru kampuni ivunjwe, ikawa vipande 34. Rockefeller, aliyekuwa na hisa katika vipande hivyo, alizidi kutajirika. Viwili vilivyokuja kuitwa Exxon na Mobil viliungana tena mwaka 1999.

Wajamaa hawakuyastaajabia hayo. Karl Marx alikwisha kueleza mwaka 1867 kwamba mtaji hukusanyika katika mikono inayozidi kuwa michache. Hoja yao ni hii: ikiwa mwisho wa ushindani ni kubaki mwenye mali mmoja, afadhali huyo mmoja awe umma.

Uingereza ilijaribu. Tarehe 1 Januari 1947, Serikali ya Clement Attlee ilitwaa machimbo ya makaa ya mawe na kuyatia chini ya Halmashauri ya Taifa. Bendera zilipandishwa, na mabango yakawekwa machimboni kutangaza kwamba sasa yanaendeshwa kwa niaba ya watu wote. Wachimbaji walishangilia, nao walikuwa na haki: hawakusahau mwaka 1926, wenye machimbo walipowafungia nje kwa kukataa mishahara iliyopunguzwa.

Lakini huko Aberfan, kijiji cha Wales, Halmashauri hiyo hiyo ilirundika taka za chimbo mlimani, juu ya chemchemi. Wenyeji walionya, barua zikaandikwa. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1966 rundo liliporomoka likaifunika shule. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Tume ya uchunguzi iliitia Halmashauri hatiani mwaka 1967, wala hakuna aliyefukuzwa kazi.

Kwa jina, chimbo lile lilikuwa mali ya wazazi wale wale waliozika watoto wao. Nao pia, walipotaka kulalamika, mlango ulikuwa mmoja tu. Waliposhikilia kwamba marundo yaliyobaki yaondolewe, Serikali ilichukua pauni 150,000 kutoka mfuko waliochangiwa na wahisani ili kusaidia gharama za kazi hiyo. Fedha hizo zilirudishwa mwaka 1997, na wakati huo machimbo yenyewe yalikuwa yamekwisha kuuzwa, tangu mwaka 1994, kwa wenye mitaji.