Udhibiti wa mwendo kasi, Katubuka na Kigoma
Katubuka ni kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, na mwendo wa magari yapitayo hapo unaongozwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973. Kifungu cha 51 kinaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa penye makazi. Magari ya abiria na yanayozidi tani 3.5 hayaruhusiwi kuvuka 80, hata porini.

Kwa miaka mingi barabara yenyewe ndiyo iliyokuwa kidhibiti mwendo. Mashimo na tope la masika vilimfunga dereva mikono, na wasafiri wengi wa Dar es Salaam walitegemea treni. Lami ilipoenea njia za Uvinza na Kasulu, na Daraja la Kikwete likaanza kuvusha magari Mto Malagarasi, mwendo ukawa hiari ya dereva.

Chombo kinachoogopwa zaidi ni tochi, yaani kipima mwendo anachoshika trafiki. Kasoro yake ni kwamba humulika pale kilipo tu. Dereva aliyekwisha kuipita huwawashia taa wenzake wanaokuja. Nao hupunguza, wakavuka kwa adabu, kisha wakakanyaga mafuta upya.

Mfumo wa kufuatilia magari, VTS, ulikuja kuziba pengo hilo. Kifaa ndani ya basi husoma mahali lilipo na mwendo wake kwa msaada wa setilaiti, kisha hutuma taarifa kwa LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2019 ikarithi kazi za nchi kavu za mtangulizi wake, SUMATRA. Kikaongezwa kitufe cha utambuzi wa dereva, maana basi la safari ndefu huwa na madereva wawili na kosa lazima liwe na mwenyewe. Uangalizi huo uliongezeka uzito mwaka 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku kucha.

Vifaa hivi huchezewa. Kenya iliyaona hayo baada ya kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa 2004: matatu, magari ya abiria ya huko, zilifungwa vidhibiti mwendo, na mafundi wakajifunza kuvilegeza. LATRA nayo imelazimika kuwaadhibu wanaohujumu VTS.

Bodaboda ziko nje ya mfumo huo, ingawa ndizo zinazobeba watu mitaani Katubuka. Kanuni zinazitaka ziwe na leseni ya usafirishaji, na helmeti ni lazima, lakini mwendo wake hautumwi popote. Kazi ya kuudhibiti imeachiwa tuta.