Waya Ulivuka Ziwa Kabla Yetu

Fomu za mafunzo ya mapambo huwa na nafasi ya kujaza ujuzi ulio nao tayari. Vijana ninaofanya nao kazi, karibu wote, wanaandika "hakuna". Halafu wanarudi nyumbani, wanakaa mlangoni na pensi (wenyeji wa Kigoma wanaita praizi), wanazungushia waya wa shaba kwenye kijiwe mpaka kinakuwa kidani. Hilo "hakuna" linaniuma, kwa sababu si kweli.

Wengi wetu humu Nyarugusu tumetoka ng'ambo ya Tanganyika. Huko Katanga, kando ya ziwa Kisale, kuna mahali panaitwa Sanga. Mwaka 1957 wataalamu wa mambo ya kale walianza kufukua makaburi pale. Walikuta watu wamezikwa na bangili na mikufu ya shaba, hata watoto wadogo. Makaburi mengine yana umri wa miaka 1000 hivi. Mzungu hajafika bado, wala shirika!

Shaba yenyewe ilitoka kwenye jiwe. Ile malakiti ya kijani, ambayo leo inasuguliwa na kuuzwa kama pambo, wazee waliivunjavunja, wakaiyeyusha kwa makaa na mvukuto.

Kisha wakaja Wayeke, na hapa historia inanichekesha kidogo. Hawa walikuwa Wanyamwezi, watu wa huku huku Tanzania, waliovuka kwenda Katanga katika karne ya 19 kufuata shaba na pembe. Mkubwa wao, Msiri, alijenga mji wa Bunkeya na kutawala mpaka alipouawa mwaka 1891 na msafara wa mfalme wa Ubelgiji. Yaani wakati ule wageni walikuwa wao, na wenyeji walikuwa kwetu.

Wahunzi wa Kiyeke walivuta fimbo ya shaba kwenye tundu la chuma, kisha tundu dogo zaidi, na dogo zaidi tena, mpaka ikawa nyembamba kama uzi. Waya huo waliuzungushia kwenye nywele za mkia wa mnyama au nyuzi za mmea, ikapatikana bangili inayopindika. Kuzungushia jiwe ni jambo la juzi, hilo nakubali. Lakini kazi ya mkono ni ile ile: unabana mwanzo wa waya, unailaza mizunguko karibu karibu bila kupandana, ncha unaificha isimkwaruze mvaaji. Shaba ikipindwa sana inakuwa ngumu na kukatika, kwa hiyo unairudisha motoni ilainike. Vijana wanafanya hivyo kwenye jiko la mkaa. Jiwe halitobolewi, ndiyo maana kazi hii inawezekana kwenye nyumba isiyo na umeme.

Tena waya ulikuwa pesa. Stanley alipojiandaa Zanzibar mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, alinunua frasila 10 za waya wa shaba ya manjano, karibu kilo 160. Aliandika kwamba ushanga ni kama sarafu za shaba na nguo ni kama fedha, lakini nchi za ng'ambo ya Tanganyika waya unahesabiwa kama dhahabu. Ng'ambo ya Tanganyika si ndiyo kwetu? Njiani misafara ililipa hongo kwa nguo, ushanga na waya. Siku hizo hongo ilikuwa ushuru wa kupita, siyo hii tunayoijua.

Leo waya wetu unatoka kwenye mota zilizoungua na redio mbovu. Unakuja na vanishi, lazima ukwanguliwe kwanza, na mwingi ni mwembamba mno kushika jiwe zito. Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, mkileta mafunzo mengine, msianze na somo la jinsi ya kushika pensi. Hilo wanalijua. Leteni waya mnene kidogo, wa unene mmoja, na mtusaidie kupata mnunuzi nje ya geti.