Michael West na Mwanafunzi Aachaye Shule Mapema

Tunapoichunguza historia ya ufundishaji wa lugha, yafaa tuwakumbuke walimu waliowafikiria wanafunzi wasiofika mwisho wa masomo. Mmoja wao ni Mwingereza Michael West, aliyezaliwa mwaka 1888 na kufariki mwaka 1973.

West aliingia katika utumishi wa elimu wa India mwaka 1912, naye akawa mkuu wa chuo cha walimu mjini Dacca, katika jimbo la Bengal. Siku hizi mji huo huitwa Dhaka, nao ni mji mkuu wa Bangladesh. Huko aliona kwamba mafunzo ya Kiingereza yalipangwa kana kwamba kila mtoto angefika chuo kikuu, hali wengi waliacha shule mapema. Hao walitoka na vipande vya lugha visivyowafaa kitu.

West aliifananisha elimu na bima. Mwenye bima akiivunja kabla ya muda wake, hurudishiwa sehemu ya alichokilipa. Je, mwanafunzi aachaye shule baada ya miaka miwili arudishiwa nini? Jibu lake, alilolieleza katika kitabu chake Bilingualism cha mwaka 1926, lilikuwa ni kusoma. Nyumbani na sokoni mtoto alikuwa na Kibengali chake. Alichokikosa ni maarifa yaliyofungiwa katika vitabu vya Kiingereza.

Lakini vitabu vya shule vilijaa maneno adimu, tena yaliyosongamana. West akaanza kuvitunga upya: neno gumu alilibadilisha kwa la kawaida, maneno mapya akayatawanya, na kila moja akalirudiarudia hata lizoeleke. Hivyo ndivyo vilivyozaliwa New Method Readers, vitabu vilivyoenea Asia na Afrika. Kamusi aliyoitunga pamoja na J. G. Endicott mwaka 1935 ilifafanua maneno na semi zipatazo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. Mwaka 1953 ilitoka orodha yake ya maneno ya msingi yapatayo 2,000.

Si wote waliokubaliana naye. Harold Palmer, aliyefanya kazi Japani, alishikilia kwamba lugha huanza kinywani. Wala tusisahau kwamba West alifanya kazi chini ya ukoloni, ulioyafungia maarifa katika lugha ya mtawala. Tarehe 21 Februari 1952, katika mji huo huo wa Dacca, wanafunzi waliuawa kwa risasi wakidai Kibengali kiwe lugha ya taifa.

Hata hivyo swali la West ni letu pia. Tanzania ilipoendesha kisomo chenye manufaa katika miaka ya 1970, ilibidi tujiulize: mtu mzima aliyekwisha kuzijua herufi atasoma nini, na kwa Kiswahili chepesi kiasi gani? Kwa hiyo mwalimu aingiapo darasani, na amtazame yule atakayeondoka kesho, kisha ajiulize ataondoka na nini.