Hesabu ya kwanta iliyofufuliwa Maseno

Reli ilipofika Port Florence, Kisumu ya leo, Desemba 1901, ilikuja na waya wa telegrafu. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za baharini zikatua Mombasa. Mara zote mbili, kanda ya ziwa ilipokea teknolojia iliyokwisha kubuniwa kwingine. Lakini katika teknolojia ya kwanta, inayotumia tabia za atomu na chembe ndogo kama za mwanga, imeingia mapema, tena kwa kalamu na karatasi.

Kazi hiyo imefanyika Maseno, kwenye barabara ya Kisumu–Busia, ikweta inapopita. Wamisionari wa Kianglikana walianzisha shule hapo mwaka 1906. Mwaka 1991 kikaanza chuo kishiriki cha Moi, na 2001 kikawa chuo kikuu kamili. Katika idara yake ya fizikia, Profesa Joseph Akeyo Omolo alijikita katika modeli ya Rabi, inayoeleza jinsi atomu na mwanga vinavyopokezana nishati.

Modeli hiyo ina pande mbili. Upande wa kwanza, atomu ikipanda ngazi humeza fotoni moja, yaani chembe ya mwanga, ikishuka huitema. Jumla ya ngazi ya atomu na fotoni haibadiliki, ndiyo maana Edwin Jaynes na Fred Cummings waliweza kuukokotoa mwaka 1963. Upande wa pili ni kama duka linalouza mali huku rafu zikizidi kujaa: atomu inapanda, na papo hapo fotoni inazaliwa. Kwa miongo mingi wanafizikia waliuweka kando. Omolo alionyesha kuwa nao una kiasi kisichobadilika, ila hapa unatoa badala ya kujumlisha: atomu na fotoni zinapanda pamoja, tofauti inabaki ileile.

Mwaka 2021 Christopher Mayero, Omolo na Onyango Stephen Okeyo walichapisha makala inayoonyesha kuwa katika upande huo atomu na mwanga hufungamana. Mfungamano huo unaweza kutumika kuhamisha hali ya kwanta kutoka chembe moja hadi nyingine bila chembe yenyewe kusafiri. Ni msingi wa mawasiliano ya kwanta.

Kupima mambo ya aina hii kunahitaji maabara kama ya Serge Haroche, mzaliwa wa Casablanca, aliyepata Nobel mwaka 2012 kwa kunasa fotoni baina ya vioo na kuzichunguza kwa atomu. Vifaa hivyo ni ghali. Karatasi si ghali. Basi wanaogawa fedha za utafiti wasingoje mashine zifike bandarini. Wawalipie kwanza vijana wanaokokotoa.