Nani Humchagulia Msomaji? Duka, Orodha na Kitabu cha Kiswahili, Gando Ikiwa Mfano

Gando ni kijiji cha pwani ya kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Pemba, katika Wilaya ya Wete. Kitabu kinachomfikia mwanafunzi wa hapo huwa kimekwisha kupita mikono mingi: ya mchapishaji wa Dar es Salaam au Nairobi, ya msambazaji, ya wachukuzi wa bandarini, na ya muuza duka wa mjini. Kila mkono una sababu zake za kukipokea au kukiacha. Mhadhara huu unachunguza historia ya uteuzi huo. Hoja yake kuu ni kwamba, katika Afrika Mashariki, mwenye duka hajapata kuwa na hiari kubwa juu ya rafu yake. Amefuata orodha iliyoandaliwa mahali pengine, na orodha hiyo imegusa biashara na lugha yenyewe kwa pamoja.

Mfano wa Uingereza unasaidia kulifafanua jambo hili. Maktaba ya kuazimisha vitabu ya Mudie, iliyoanza mwaka 1842, ilinunua nakala nyingi mno hata ikaweza kuwalazimisha wachapishaji waendelee kutoa riwaya katika juzuu tatu tatu. Maktaba hiyo na W. H. Smith zilipoukataa utaratibu huo mwaka 1894, umbo la riwaya ya Kiingereza lilibadilika katika muda mfupi. Karne moja baadaye, katika maduka ya Waterstones, wachapishaji walikuwa wakilipia nafasi za mbele, mpaka James Daunt aliposhika uongozi mwaka 2011, akayakomesha malipo hayo na kuwaachia wasimamizi wa matawi uamuzi zaidi. Katika mifano yote miwili mteuzi ni mfanyabiashara mkubwa, na nguvu yake ni fedha za wasomaji wake.

Pemba ilikuwa na uteuzi wa namna nyingine. Tungo za Kamange na Sarahani, washairi mashuhuri wa kisiwa hicho katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, zilihifadhiwa vifuani mwa watu na katika karatasi zilizonakiliwa kwa mkono. Shairi lilidumu kwa kuwa kulikuwa na mtu aliyelipenda kiasi cha kulikariri. Sultani Barghash (1870–1888) alianzisha matbaa Unguja, lakini kazi yake kubwa ilikuwa vitabu vya Kiarabu vya dini na sheria. Mshairi wa Kipemba hakuwamo katika hesabu ya mchapaji.

Orodha ya kwanza yenye nguvu ya kiserikali ilikuja na usanifishaji. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki. Pamoja na shughuli zake nyingine, Kamati ilikagua lugha ya miswada iliyokusudiwa shuleni na kuvipa ithibati vitabu vilivyokubaliwa. Kwa kuwa shule ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ithibati hiyo ilikuwa hukumu ya kibiashara pia. Mwandishi aliyeandika kwa Kipemba hakukatazwa na sheria yoyote. Alikosa mnunuzi tu. Ndiyo maana Kipemba kiliingia katika maandishi ya wataalamu mapema kuliko kilivyoingia madukani. W. H. Whiteley alitoa utafiti wake juu ya lahaja na mashairi ya Pemba mwaka 1958, ilhali diwani ya *Kale ya Washairi wa Pemba: Kamange na Sarahani*, iliyotokana na juhudi za Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy na kuhaririwa na Abdilatif Abdalla, ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2011.

Hata hivyo, si haki kuuona usanifishaji kuwa hasara tupu. Lugha sanifu ndiyo iliyompa mwandishi wa Visiwani soko pana kuliko visiwa vyake. Mohamed Suleiman Mohamed alichapishiwa *Kiu* (1972) na *Nyota ya Rehema* (1976) Nairobi. *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed ilitolewa huko huko mwaka 1980, kisha ikateuliwa kuwa kitabu cha mtihani katika shule za sekondari za Kenya. Kuteuliwa namna hiyo ni bahati ambayo tangazo la biashara haliwezi kuileta. Darasa zima hununua nakala kwa wakati mmoja, na darasa linalofuata hununua tena mwaka wa pili. Siku jina la kitabu linapoondolewa katika orodha, mwenye duka huacha kukiagiza, hata kama ubora wake haukupungua kwa neno moja.

Hapa ndipo inapofaa kuitazama hesabu ya mwenye duka. Akinunua kwa fedha taslimu, kitabu kisichouzika ni mtaji uliolala. Akipewa mali kauli, mchapishaji ndiye anayebeba hofu ya hasara, naye hukubali kwa wachache anaowaamini. Kwa duka la Wete kuna gharama ya kuvuka bahari, na kukirudisha kitabu kilichododa ni gharama ya pili. Kwa hiyo busara humwelekeza kwenye daftari, kalamu, vitabu vya dini na vya mtihani. Riwaya isiyokuwamo katika mtaala huagizwa nakala mbili tatu, au haiagizwi kabisa. Huo si udhaifu wa muuzaji, kwani ndivyo hesabu inavyomwelekeza.

Orodha yenyewe nayo imebadilika mikono. Tanzania Bara ilifungua milango kwa wachapishaji binafsi wa vitabu vya kiada kwa sera ya mwaka 1991. Baadaye kamati ya kuidhinisha vifaa vya elimu ilifanya kazi hadi ilipovunjwa mwaka 2013, na mamlaka yakarejea Taasisi ya Elimu Tanzania. Zanzibar ina wizara yake ya elimu, lakini mtihani wa kidato cha nne na cha sita hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Hivyo kitabu cha fasihi anachosoma kijana wa Gando huamuliwa ng'ambo ya bahari. Nchini Kenya, tangu mwaka 2018, serikali imekuwa ikinunua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni. Mauzo yaliyokuwa yakimwezesha mwenye duka kuthubutu kuweka riwaya kando ya kiada yakapungua.

Zimekuwapo juhudi za kuupunguza ubana huu. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulinunua sehemu kubwa ya nakala za kila kitabu ulichokikubali na kuzipeleka katika shule za vijijini, ili mchapishaji asiogope hasara. Mradi huo ulithibitisha kwamba hofu ya mchapishaji hutulia mnunuzi anapojulikana mapema. Lakini hapo pia yupo anayeteua.

Mfano wa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ndio unaoumiza zaidi. *Paradise* ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Tafsiri yake ya Kiswahili, *Peponi*, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022, baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Miaka 28 ilipita kabla ya kitabu hicho kusomeka katika lugha ya watu wanaosimuliwa ndani yake.

Kwa mwanaisimu, funzo ni hili. Kamusi na sarufi huieleza lugha, lakini orodha ya ununuzi huamua ni lugha ipi itakayoonekana katika chapa. Hata hivyo mlango haukufungwa wote: Shafi Adam Shafi aliita riwaya yake ya mwaka 1999 *Vuta n'kuvute*, kwa ufupisho wa mazungumzo ya Visiwani, na kitabu hicho kikaingia madarasani kikiwa na jina hilo hilo. Kama wanaotunga orodha wakiacha nafasi moja kila mwaka kwa kitabu chenye sauti ya lahaja, mwenye duka wa Wete atakiagiza, maana atakuwa na hakika ya mnunuzi. Na mwanafunzi wa Gando ataikuta chapani lugha anayozungumza nyumbani kwao.